Mashini Inasema Wewe ni wa Goreth

Keza wangu,

Umetoka na mdogo wako Nadine kwenda kuaga kwaya, na mi nimebaki na begi lako. Nimelifungua, nimelifunga, nimelifungua tena. Hakuna nilichoongeza na hakuna nilichotoa, ni mikono tu inatafuta kazi. Baba yako ameniangalia weee, mwisho akasema, "We mama, ile begi itapasuka mbele ifike Lilongwe." Akabeba spana zake akaenda kwa watu wake wa kabaza, wale wabeba abiria ambao baiskeli zao haziponi hata siku moja. Nyumba imenyamaza. Njo nikachukua kalamu.

Unajua mi na kalamu hatuna urafiki mkubwa. Kule Burundi nilifika mwaka wa tatu nikaitwa kushika jembe, na hiki Kiswahili nilikiokota njiani: kidogo Uvira, kidogo Kigoma, kingine hapa hapa kambini Dzaleka nikibishana na Wakongomani sokoni, hadi ndiyo yangu siku hizi inatoka njo. Kwa hiyo usinisome na kalamu nyekundu. Nisome kama vile nasonga bugali huku naongea, nikigeuka nyuma mara kwa mara kuona kama unasikia.

Mambo ya kupika sitaandika. Ya kufua, ya kutorudi na giza, ya kumsalimia Mama Fiston vizuri kila asubuhi pale kwake Kawale utakapokaa, hata kama umechelewa, hayo nimeyasema hadi Nadine anayaigiza na sauti yangu. Nataka kuandika kile ambacho tangu Jumatatu kinanifanya nisimame, nikae, nisimame.

Ni ile simu ya kesho.

Kesho, wewe ukiwa ndani ya minibus, mtu wa ofisi ya Lilongwe atanipigia. Ataniuliza kama Keza ni mtoto wangu. Nikijibu hapana, ni wa dada yangu, unaanza masomo wiki ijayo pamoja na wenzako. Nikijibu ndiyo, ni wangu, faili yako inarudi kuchunguzwa, hakuna anayejua itatoka lini, na nafasi yako hawaahidi kuishika. Na wewe umeniambia, ukicheka kabisa, "Mama, sema tu hapana. Ni mashini. Mi na we tunajuana."

Umecheka. Mi sijacheka.

Ngoja niirudie hii habari toka mwanzo. Nyingi unaijua, lakini nikiandika njo naelewa.

Mwaka ule Nadine alikuwa bado wa mgongoni, akashikwa na kile kifua. Zahanati ya kambini wakasema hii imetuzidi, mpeleke hospitali kubwa mjini. Ruhusa ya kutoka kambini ni kitu cha kungojea, na kifua hakingoji. Baba yako alikuwa Kanengo, anabeba magunia kwenye maghala ya tumbaku, na yeye bila ruhusa vilevile. Nikakuacha wewe kwa mama mkubwa Goreth, nikaondoka na mtoto mgongoni na nguo moja ya kubadilisha.

Hospitali waliniuliza namba ya mkimbizi. Sikuwa nayo mkononi. Wakasema nenda biro ya wakimbizi ya mjini wakuandikie. Biro wakasema, hospitali njo iandike kwanza kwamba mtoto anaumwa. Nikarudi hospitali. Hospitali wakasema karatasi hii haina muhuri wa biro. Nikarudi biro. Sasa fikiria, Keza: hizo zote ni ofisi za serikali moja, chini ya bendera moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na mdomo wa kuuliza nyingine. Mi njo nilikuwa mdomo wao. Karatasi nimezikunja kwenye ncha ya kitenge, jasho linazilowesha, Nadine anakohoa kwenye shingo yangu, na mi naenda na kurudi kama mpumbavu nikibeba habari ya wakubwa kwa wakubwa. Nilipofika mara ya mwisho muuguzi akaniambia, "Zikomo, mayi, mwatopa," akimaanisha asante mama, umechoka. Ni yeye peke yake aliyeona kwamba kuna mtu kati ya hizo karatasi.

Nadine akapona, Mungu asifiwe.

Lakini siku hizo hizo, huku kambini, walileta mashini ya vidole na macho. Ikatangazwa: asiyeonekana kwenye mstari anafutwa. Goreth akakushika mkono akakupeleka. Karani akamuuliza, mama wa huyu mtoto yuko wapi? Angesema yuko Lilongwe, wangejua nimetoka bila ruhusa, na kadi yetu ingekatwa. Angenyamaza, wewe ungefutwa. Goreth hakufikiri sana, unamjua. Akasema, "Ni wangu." Wakakukamata kidole kile kidogo wakakikandamiza kwenye kioo, wakakuambia angalia hapa usipepese, na wewe hukupepesa. Hivyo ukawa wa Goreth.

Mi niliporudi kulikuwa na mstari wa waliochelewa. Karani akaniuliza nina watoto wangapi. Nikisema wawili, Goreth anaonekana mwongo. Nikasema, "Mmoja, huyu wa mgongoni." Wewe ulikuwa umesimama kwenye ua wa miti, unatafuna muwa, unaniangalia. Hukusikia. Lakini mi nilisikia.

Ukiniuliza kosa langu ni lipi, sitasema ni lile. Mtu aliyeogopa amesema neno la uoga, basi. Kosa langu lilikuja pole pole. Niliona kwamba hakuna kilichotokea. Shuleni uliandikwa mtoto wangu. Zahanati, mtoto wangu. Kanisani, mtoto wangu na wa baba yako. Kwenye ile mashini ya vidole tu njo ulikuwa wa Goreth, na mashini ile ilikaa peke yake kwenye nyumba yake, haisemi na mtu. Uongo wetu ulikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba: anakula majani ya pale pale, haingii shamba la mtu. Kila mara wakihakiki, nilijiambia nitasema mwaka kesho. Nikazoea. Hata Goreth alipoitwa kwenda ng'ambo na watoto wake, wakamuuliza, na huyu Keza? Akasema anabaki kwa mdogo wangu. Wakaandika: anabaki. Tukalia pale kwenye basi, tukapungiana mikono, na wala hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba ameondoka na jina la mama yako mfukoni.

Halafu serikali ikaanza kujenga barabara, si za magari, ni za kompyuta za ofisi zake kuulizana.

Nakumbuka ulivyonielezea, jioni ile ulipopata barua ya kukubaliwa. Ulichukua sufuria zangu zote ukazipanga chini. Hii ni afya. Hii ni shule. Hii ni watu wa laini za simu. Hii ni wakimbizi. Kila moja ina mfuniko wake, na mwenye nyumba wake, na mlango wake. Ukasema, "Mama, hawabomoi nyumba. Wanachimba barabara kati yake. Hospitali haiingii ndani ya biro kupekua. Inasimama mlangoni inauliza neno moja, inajibiwa neno moja, inarudi." Na wewe ndiyo unakwenda kusomea hiyo kazi, mwaka mzima, kwenye ile ofisi mpya wanayoita Dirisha Moja, kwa sababu wamekosa watu wa kusaidia wanaokuja na Kiswahili na Kirundi. Nilifurahi hadi nikaunguza ndagala.

Lakini nilikuuliza maswali, unakumbuka? Nilikuuliza, hiyo barabara ni ya nani? Ukasema ya serikali. Nikasema serikali ni sufuria zote hizi, nataka ile moja inayofagia barabara. Ukaanza kuzipanga upya. Nikakuuliza, sufuria ya shule ikisema huyu ni wangu, na sufuria ya vidole ikisema huyu ni wa Goreth, nani anashinda? Ukasema, "Njo tunaenda kusomea hiyo, mama." Baba yako akacheka nyuma ya mlango, akasema, "Uyu mama angekuwa ministre, bantu bangelala na njaa juu ya maulizo."

Mi nauliza kwa sababu ya lile bomba la maji la kusukuma kwa mkono. Wewe ulikuwa mdogo. Bomba moja, mitaa mitatu. Kila mtaa ulikuwa na kamati yake, na saa zake, na mama wake wa kupanga ndoo. Mnyororo wake wa kuvuta maji ulipokatika, kamati ya kwanza ikasema ulikatika kwenye saa za kamati ya pili. Ya pili ikasema ni kutu ya zamani. Ya tatu ikasema sisi tunachota jioni tu. Tukakaa tunachota kwenye mto, kamati tatu nzima, zenye wenyeviti. Mwisho tukachagua mtu mmoja ashike ufunguo na asimamie yote. Vizuri. Mnyororo ukaungwa kwa siku moja. Lakini yule mama alikuwa na rafiki mwenye bomba nyumbani kwake upande wa Wamalawi. Hakuwa anakunywa maji yetu. Akiamka na hasira, bomba halifunguki. Tulikuwa na mwenye ufunguo mmoja, na tulikuwa na kiu kuliko wakati wa kamati tatu.

Kwa hiyo ukikaa kwenye hilo dirisha, na wakubwa wako wakibishana nani atawale barabara, mi sijui kitu cha kompyuta, lakini angalia jambo moja: anayeshika ufunguo, na yeye anachota hapo? Mtoto wake anapita dirisha hilo hilo? Kama ana mlango wake wa nyuma, usimwamini sana.

Nimetoka kuangalia njia. Bado hamjarudi.

Nirudi kwenye Jumatatu, kwenye hema la masahihisho, tulipokwenda kuhakiki namba yako kwa ajili ya masomo. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu. Yule kijana wa mashini hakuwa mbaya, hata alinivutia kiti. Aliandika jina lako, akaandika langu, la baba yako, la Nadine, akaangalia kioo muda mrefu. Akasema, "Mama, hapa hakuna jina hata moja linalofanana na lingine." Nikamwambia, sasa yafanane kwa nini? Kwetu kila mtoto anapewa lake. Baba anaangalia mwaka ulivyokuwa, anaangalia majirani walivyomtendea, anamwita mtoto neno ambalo liko moyoni mwake. Kwenye nyumba moja ya Murundi unaweza kukuta majina kumi na hakuna lililoazima herufi kwa lingine. Yule kijana ni Mmalawi, kwao mtoto anavaa jina la baba yake kama shati. Alinielewa, niliona. Lakini mashini haikuelewa. Mashini iliona watu wanne ambao hawahusiani, wanaota moto kwenye jiko moja.

Na kidole chako kikaleta Goreth.

Akatueleza. Kama unakubali kuwa wa Goreth, hakuna kazi: kidole kinalingana, faili ni safi, namba yako inapita leo kwenye afya, kwenye shule, kwenye laini ya simu, kote. Tena akasema kwa sauti ya chini, akidhani ananisaidia, "Na siku moja anaweza kuomba kumfuata mama yake ng'ambo." Mama yake! Nilimwangalia. Kama unataka kuwa wangu, basi ni mahojiano, mashahidi, na kungoja. "Na mkiitwa kusafiri kama familia," akasema, "aliye kwenye faili yako njo anaitwa. Asiye kwenye faili haitwi."

Wewe ulinigusa goti chini ya meza. Nilijua maana yake. Mi nikasema nitafikiri. Akasema basi, mzazi atapigiwa simu siku ya Ijumaa, atajibu.

Tangu hapo nimeuliza ulimwengu wote isipokuwa mbuzi. Baba yako anasema, "Mi nilikuita Keza. Bandike fasi yoyote banataka, jina nililitoa mi." Anaona limekwisha. Mchungaji alisema tuombe. Na sasa hivi, nikiwa naandika hapa, ameingia Mama Shukuru wa mlango wa pili, amekuja kuazima kinu.

"Mama Keza, uko naandika? Unaandikia nani?"

"Keza."

"Keza uyu analala mu chumba iyi? Si umusemeshe na kinywa!"

"Kinywa changu kikianza kinalia."

Akakaa. Akavua kandambili kabisa, nikajua kinu hakiondoki leo. Nikamwambia habari ya simu. Akapiga makofi mawili. "We, mama, sikia. Jina ni kitenge. Leo unafunga hiki, kesho unafunga kile, bantu bote banajua ni we. Mwache awe wa Goreth. Mi ningepata wa kunibandika kwa mtu wa ng'ambo, ningebandikwa asubuhi, na bibi yangu mufu ningemubandika!"

Nikacheka, kweli. Nikamuuliza, "Na Shukuru wako ungempa?"

Akaanza kujibu haraka, halafu akaangalia kinu. Akasema, "Shukuru anakula sana, bangemurudisha." Akaondoka nacho, na kandambili mkononi. Hakurudia tena mambo ya kitenge.

Niendelee. Nilitaka kukuandikia kwamba nimeamua kusema hapana. Kweli, asubuhi nilikuwa nimeamua. Nilijiambia, mama gani anamfungia mtoto njia kwa sababu ya neno kwenye kioo? Umesomea kompyuta kwenye banda la bati, ukirudi usiku na macho mekundu, na sisi tumekula bila chumvi ili uwe na bando. Nani anakula jina? Nilikuwa nimeshapanga hata sauti nitakayoitumia, nyepesi, kama mtu anayeulizwa bei ya nyanya.

Ila kuna kitu kilinikwaruza, na ni wewe uliyekiweka. Ulisema barabara zikishachimbwa, jibu moja linakwenda kote. Zamani mtu akikosea kwenye biro, alibaki amekosewa kwenye biro tu. Sasa atakuwa amekosewa hospitali, shuleni, benki, mpakani, siku hiyo hiyo, na kila nyumba itasema, si sisi, tumeambiwa na jirani. Yule mbuzi wetu wa zamani amekatwa kamba, Keza. Siku utakayozaa, watakuuliza damu ya mama yako, na mashini itaenda kumuuliza Goreth. Siku nitakayolazwa mi, utafika na matunda, na mlinzi ataangalia kioo akuambie wewe si mtu wake.

Na lingine. Unakwenda kukaa upande wa pili wa dirisha. Atakuja mama, anakohoa, na karatasi zimelowa jasho, na mashini itasema huyu si wa huyu. Utamsaidiaje, kama wewe mwenyewe umepita hapo kwa

Simu imelia.

Nimerudi. Imepita muda, sijui ni mwingi au mdogo, bugali ya mchana imekauka kwenye sufuria.

Walikuwa wao. Wamepiga leo, si kesho. Nilipoona namba siijui nikadhani ni watu wa kuuza laini. Nikapokea.

"Halo? Naongea na nani?" Sauti ya mwanaume, Kiswahili cha Bukavu kabisa.

"Na Mama Keza."

Nikamsikia anacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mama, mi nilikuwa sijauliza bado."

Nikaweka mkono kinywani, lakini kilikuwa kimeshatoka. Keza, mi tangu ulipozaliwa sina jina lingine. Jina langu la ubatizo nalisikia kwenye mstari wa kugawiwa chakula tu. Mtu akiniuliza mi ni nani, nasema wewe.

Nyuma yake mwanamke wa Kimalawi akauliza, "Akuti chiyani?" anasema nini. Yule mkalimani akashusha sauti, akaniambia, "Mama, ngoja. Mi niko Mukongomani, najua. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, mi mwenyewe niko na bamama batatu. Naweza kumuambia unaitwa vile sababu ulimulea. Hakuna uongo apo. Niseme vile?"

Alinifungulia mlango, unaona? Kwa huruma. Nilikuwa na ile sauti yangu nyepesi, nilishaiandaa. Nilichotakiwa ni kusema eee tu. Nikakaa juu ya begi lako. Nikakuona kwenye ua wa miti, na muwa.

Nikasema, "Hapana. Nimemzaa mi."

"Unajua maana yake, mama? Masomo yanaanza Jumatatu."

"Najua."

"Na yule Goreth wa kwenye faili?"

"Ni dada yangu. Alisema uongo ili mtoto asifutwe. Na mi nikasema uongo nyuma yake. Andika na hiyo."

"Iyo haina fasi ya kuandika, mama. Kuna fasi ya ndiyo na fasi ya hapana."

"Basi waambie waweke fasi."

Akamtafsiria yule mwanamke. Wakaongea muda, sikushika. Halafu yule mwanamke mwenyewe akachukua simu, akaniambia kwa Kichewa cha pole pole, ili nielewe, kwamba Jumatatu tufike wote wawili, wewe na mi, na shahidi aliyekuwepo ulipozaliwa. Nikamwambia shahidi yuko mmoja. Ulizaliwa Uvira, mvua inapiga, na aliyekupokea kwa mikono ni Goreth. Akasema atauliza kama shahidi anaweza kuongea kwa simu ya picha. Nafasi yako hawezi kuahidi. Alisema hivyo mara mbili, ili nisije nikasema sikuambiwa. Kabla ya kukata, nikamuuliza yule Mukongomani, na kama ningesema vile ulivyonifundisha? Akasema, "Ingekuwa imeisha sasa ivi, mama. Ningefunga faili, angeanza."

Sasa hivi. Ilikuwa karibu hivyo.

Nikampigia Goreth. Kwao kulikuwa bado alfajiri, akapokea na sauti ya blanketi. Nikamwambia yote kwa mara moja, sikupumua. Niliogopa kwa ajili yake pia, asije akafikiriwa mwongo huko alikopata kukaa. Nikasikia anawasha taa. Akasema, "Ulikawia. Mi kila mwaka nangojea iyi simu. We tangu utoto haujui kudanganya mara mbili." Akasema ataongea na yeyote, atasema kweli, na kama ni kuulizwa, aulizwe. Halafu akaanza kulia na kunitukana pamoja, kwa Kirundi, matusi ya mama yetu, hayo sitayaandika.

Kwa hiyo, Keza, kesho unaondoka bado. Mama Fiston anakungoja, na ni vizuri uwe umefika, umelala, umeijua njia ya kufika kwenye ofisi hiyo. Leo jioni baba yako ataniombea ruhusa ya kutoka, safari hii nataka karatasi ya kweli, na Jumatatu nitakukuta pale mlangoni. Sijui watatuweka siku moja au miezi. Sijui kama kiti chako kitakaliwa na mwingine. Yule mama wa Kimalawi alikuwa na sauti ya mtu anayejaribu, lakini kujaribu si kuahidi, nimeishi vya kutosha kujua. Inawezekana nimekupotezea mwaka. Inawezekana nimekupotezea zaidi. Ningekuwa na elimu labda ningeona njia ya tatu. Sikuiona. Niliulizwa mara ya pili katika maisha yangu, na mara ya pili sikuweza kukukana.

Usije ukadhani nimefanya kwa ajili ya barabara za serikali, au kwa ajili ya yule mama atakayekuja dirishani kwako anakohoa. Hayo nimeyaandika huko juu, na ni kweli, na uyashike. Lakini simu ilipolia sikuyakumbuka hata moja.

Nasikia Nadine anaimba njiani, na wewe unamwambia anyamaze. Mnakuja. Barua hii sitakupa usome kwanza. Nitakuambia kwa kinywa, hapa mlangoni, kabla hujavua viatu, na nitalia, na hutanielewa, halafu njo utasoma.

Utakasirika. Najua unavyokasirika: unafagia. Utafagia uwanja wote hadi kwa Mama Shukuru, na kesho utapanda minibus bila kuniangalia. Fanya hivyo. Usijizuie, usiwe na adabu kwangu. Kwa Goreth ungeshukuru, ungesema asante mama mkubwa, ungeinama. Mtu ananuna hivyo kwa mama yake tu.

Mi Mama Keza